Chora Ukionacho

Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni mwendo wa kilomita 65 hivi, na barabara, ambayo siku hizi imetandikwa lami, huyakata mapori ya miti mifupi na mashamba ya mahindi na mihogo ya Wazigua, ikapita Sindeni, kisha ikateremkia bonde la mto Pangani, hata msafiri akaiona milima ya Usambara imekinga upande wa kaskazini. Katika mabasi yapitayo njia hiyo mwanzoni mwa muhula hawakosekani vijana wawili watatu wenye masanduku ya bati na magodoro yaliyofungwa kamba, waendao vyuoni. Na miongoni mwao, si ajabu, yumo mmoja aliyechaguliwa kusomea ualimu wa sayansi, ambaye katika mwaka wake wa kwanza atakabiliwa na somo la bayolojia, elimu ya viumbe vyenye uhai, si kwa kitabu na ubao tu kama alivyozoea, bali kwa wembe, kioo, moto na dawa. Makala haya yanamhusu kijana huyo, na kile anachokikuta mezani siku anapofunguliwa mlango wa maabara. Kwani nimepata kuamini, kwa kuwatazama na kuwasikiliza wengi wa namna yake, kwamba saa chache za maabara katika juma humgeuza mtu tabia kuliko masomo yote ya ubaoni, na kwamba wilaya hizi mbili, ambazo hakuna azihesabuye miongoni mwa makao makuu ya elimu, zimejaaliwa vitu vya kufundishia ambavyo vyuo vya mbali vingevipata kwa gharama kubwa au visingevipata kabisa.

Tuanze na mzigo anaokuja nao kichwani. Kijana huyu si mjinga wa somo lake: amelisoma miaka minne, na pengine sita, na ukimwamsha usiku wa manane ukamwuliza sehemu za seli, au hatua za mmeng'enyo wa chakula, atakutajia zote kwa mfuatano pasipo kukosea, na kwa Kiingereza, mithili ya mtoto wa madrasa aliyehifadhi juzuu. Lakini hadubini aghalabu hajapata kuishika. Shule za kata, zilizoenea kila pembe ya nchi baada ya mwaka 2004 kwa jasho la wananchi na mpango wa serikali wa kuendeleza elimu ya sekondari, zilijengewa madarasa kwanza, na maabara zikaachwa zingoje. Hata mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya bayolojia, na muda wa kumaliza ukawekwa kuwa Novemba 2014, kisha ukasogezwa mpaka katikati ya mwaka 2015, michango ilichangwa, mawe na mchanga vikasombwa, na kuta zikapanda. Kuta hizo ni jambo la kushukuriwa, ila ukuta hauna dawa wala haumfundishi mtu kushika koleo. Na kwa muda mrefu palikuwa na karatasi ya mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtahiniwa aliulizwa, kwa maandishi, ni rangi gani itakayotokea mtu akichanganya hiki na kile, naye akaijibu sawasawa rangi ambayo jicho lake halijaiona tangu azaliwe. Hapo ndipo palipozaliwa tabia ambayo maabara ya chuo italazimika kupambana nayo: ya kujua jawabu kabla ya kutazama.

Siku ya kwanza, kwa desturi, ni siku ya kitunguu. Mwanachuo hupewa pande la kitunguu, akaambiwa abandue ule utando mwembamba ulio upande wa ndani, aulaze juu ya kipande cha kioo katika tone la maji, adondoshee iodini, kisha aufunike kwa kioo chembamba na kuuweka chini ya hadubini, ambayo katika vyuo vingi ni ile ya kioo cha kurudisha nuru, inayohitaji meza iliyo karibu na dirisha na haidhuriki umeme ukikatika. Kwa maneno ni kazi rahisi. Kwa vidole ni kazi ya asubuhi nzima. Utando hujikunja, maji humwagika, mtu mmoja akafumba jicho lisilotakiwa, mwingine akatazama kope zake mwenyewe kwa dakika tano akistaajabia mistari myeusi. Kisha sauti ya ushindi husikika kutoka meza ya nyuma.

"Mkufunzi, nimeziona! Ni za duara, zina ukingo mweusi mnene, nyingine kubwa nyingine ndogo."

"Hizo ni hewa, mwalimu," mkufunzi hujibu bila kuinuka, kwani katika vyuo vya ualimu hata mgeni wa juzi huitwa mwalimu kwa heshima ya kazi inayomngoja. "Funua, uanze upya. Kioo ukiteremshe upande mmoja kwanza, taratibu, hewa ipate njia ya kutokea."

Si jambo la kumcheka, maana sidhani kama yupo mtaalamu wa viumbe duniani ambaye hakuanza kwa kustaajabia povu. Jambo zito zaidi huja baadaye, seli zenyewe zinapoonekana, zimepangana kama matofali, kila moja na kiini chake kilichogeuka rangi ya dhahabu kwa iodini, na mkufunzi akaamuru: chora ukionacho. Hapo penseli zikaanza kwenda mbio, na mkufunzi apitapo nyuma ya viti akaona, juu ya karatasi moja baada ya nyingine, seli nzuri kupita kiasi, zenye kiini katikati barabara, na kandokando yake vidonge vya kijani vitengenezavyo chakula kwa nguvu ya jua, vimechorwa kwa uangalifu na kutajwa majina yake yote. Lakini kitunguu hukaa ardhini, gizani, na utando ule hauna hata kidonge kimoja cha kijani. Kilichochorwa hakikutoka katika hadubini, bali katika ukurasa wa kitabu cha kidato cha kwanza, ambamo seli ya mmea huoneshwa pamoja na vitu vyake vyote ili mwanafunzi avihifadhi. Mwanachuo hakusudii kudanganya. Amefunzwa kuwa jawabu sahihi lipo mahali fulani, nje ya macho yake, na kwamba kazi yake ni kulifikisha kwa msahihishaji likiwa salama.

Robert Hooke, Mwingereza aliyechapisha michoro yake ya hadubini mwaka 1665, alikata gome kavu la mti, akaona vyumba vitupu vimezungukwa na kuta, akachora vyumba vitupu. Wala hakuona haya kwamba havikuwa na kitu ndani, ijapokuwa karne zilizofuata zilimwonesha kila mwanafunzi kuwa chumba kile, mmea ukiwa hai, kimejaa shani. Hiyo ndiyo adabu inayotakiwa, na sheria za mchoro wa maabara, ambazo wanachuo wengi huziona kuwa ukali usio na maana, zimewekwa kuilinda: penseli na si kalamu ya wino, mstari mmoja usiokatika, hapana kutia vivuli, kichwa cha mchoro, na ukuzaji uliotumika, ambao hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya lenzi ya juu kwa nguvu ya lenzi ya chini, mathalani 10 kwa 40, ikawa 400. Mchoro mbaya ulio kweli hupata alama kuliko mchoro mzuri ulio wa uongo, na nimesikia kwamba katika juma la kwanza hukumu hiyo huwaliza baadhi ya watu waliozoea kuwa wa kwanza darasani.

Majuma yanayofuata ni ya kupima vyakula, nami nitayapita upesi, kwa kuwa ndiyo sehemu ya somo ambayo hata shule zenye uwezo mdogo huijaribu. Iodini juu ya muhogo hugeuka bluu iliyoelekea weusi, ikathibitisha wanga. Dawa ya Benedict ikichemshwa pamoja na maji ya nanasi hupita kijani na manjano mpaka ikawa nyekundu ya tofali, ikathibitisha sukari. Maharage yaliyopondwa yakitiwa soda kali na matone ya kopa salfeti hutoa zambarau ya protini. Mwanachuo wa Handeni, ambaye ugali wa muhogo ameula tangu utotoni, huondoka hapo na jambo moja la kutafakari: kwamba sahani ya muhogo mtupu, kwa kipimo cha zambarau, haioneshi kitu cha maana.

Lakini nataka kukaa kitako juu ya mkonge, kwa sababu hapa ndipo naona vyuo vyetu vinapoacha hazina mlangoni vikaenda kuomba kwa jirani. Vitabu vya mazoezi vilivyotungwa katika nchi za baridi huagiza majani ya mimea ya huko, na mkufunzi mwenye bidii hutafuta mbadala katika ua wa chuo. Ilhali ukitoka mjini Korogwe kwa miguu, upande wowote utakaokwenda, hutakawia kuufikia mkonge, mmea uliolisha na kuwachosha watu wa bonde hili kwa zaidi ya karne moja, tangu enzi za manamba mpaka leo. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ya Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai, baada ya safari ya kupitia Hamburg, ilikuwa 62 tu. Kutoka katika hiyo 62 yakatokea mashamba ya kwanza ya pwani, kisha ya bara, reli ilipofika Korogwe mwaka 1902. Na kama ilivyo ajabu ya biashara za maumbile, katika miaka hiyohiyo, mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, aliliokota katika misitu ya Usambara lile ua dogo la zambarau ambalo leo limejaa katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na ambalo wengi wetu tunaokaa chini ya milima hiyo hatujapata kuliona.

Sasa, mkonge ufikapo umri wake hupandisha shina la maua refu kuliko nyumba, mara moja tu, kisha ukafa. Na badala ya mbegu huangusha miche midogo iliyokwisha kuwa mimea kamili, mamia kwa mamia, kila mmoja ukiwa nakala ya mama yake pasipo tofauti. Sababu mwanachuo anaweza kuifahamu katika juma lile wanalojifunza mgawanyiko wa seli: viumbe wengi wana seti mbili za kromosomu, wakagawa nusu kwa nusu watengenezapo mbegu za uzazi, lakini mkonge huu una seti tano, kromosomu 150, na tano haigawanyiki kwa mbili. Basi shamba la ekari elfu laweza kuwa, kwa hesabu ya urithi, mmea mmoja uliorudiwa. Wachunguzi wa Amani na wa Mlingano, wilayani Muheza, walihangaika miaka mingi kuchanganya aina tofauti za jamii hiyo hata wakapata chotara waliyempa namba 11648, atoaye majani mengi zaidi, naye akasafiri mpaka China. Ila huyo naye huzidishwa kwa nakala, na ugonjwa ukimpata mmoja huwa umeijua njia ya kuwapata wote. Upo ugonjwa wa madoa ya majani, unaomsumbua chotara huyo, ambao katika vitabu vya kilimo vya ulimwengu hutajwa kwa jina la Korogwe. Mji mdogo kama huu kuingia katika vitabu kwa jina la maradhi si sifa ya kujivunia, lakini kwa mwalimu anayetaka kueleza hatari ya urithi wa namna moja, hakuna mfano bora utakaopatikana kwa umbali wa kutembea.

Na bado sijataja ajabu yake kubwa. Kila mwanachuo amehifadhi kwamba jani hufungua vitundu vyake mchana, likavuta hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua likaigeuza kuwa sukari. Mkonge haufanyi hivyo. Mchana, jua linapopiga, hufunga vitundu vyake ili usipoteze maji, na usiku hufungua, ukaivuta hewa ile na kuiweka akiba katika hali ya asidi, mpaka asubuhi, nuru inapokuja, ndipo huitoa ndani kwa ndani na kuitumia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Benjamin Heyne, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa Uhindi, aliandika kwamba aliyatafuna majani ya mmea mwingine mnono wa tabia hiyohiyo, akayakuta makali kwa uchachu alfajiri, hayana ladha adhuhuri, na yana uchungu kidogo jioni. Simshauri mtu kuutafuna mkonge, kwani utomvu wake huwasha, na kila aliyefanya kazi katika mashine ya korona, ile ya kuchuna nyuzi za mkonge, atakuhadithia. Lakini vipande viwili vya jani, kimoja kilichokatwa alfajiri na kingine alasiri, vya uzito mmoja, vikipondwa na kuchujwa na kutiwa soda kali tone baada ya tone mpaka rangi ya kipimo cha asidi igeuke, vitatoa hesabu mbili zilizo mbalimbali kabisa, kile cha alfajiri kikidai matone mengi kuliko kile cha alasiri.

Fikiri juu ya mwanachuo aliyelelewa katika kambi ya mkonge, ambaye baba yake aliamka saa kumi za usiku kwenda kukata, akaiona hesabu hiyo katika daftari lake mwenyewe, nayo haipatani na sentensi aliyoihifadhi tangu kidato cha pili. Afanye nini? Akiwa na tabia ile ya kitunguu, atafuta namba zake na kuandika zile zinazotarajiwa. Akiwa amekwisha kuonywa, atarudia kipimo, kisha atakwenda kwa mkufunzi na kusema jani hili limekataa. Na mkufunzi mwema atafurahi kuliko alivyofurahi muhula mzima, kwa kuwa sasa somo limeanza. Ndiyo maana nashikilia kwamba kitu cha kuwekwa mezani kisiwe kile kinachokubaliana na kitabu, bali kile kinachobishana nacho, maadamu mkufunzi anajua sababu ya ubishi wenyewe.

Wabishi wa namna hiyo hawakosekani katika pande hizi. Kitabu husema chura hutaga mayai majini, yakaangua viluwiluwi. Juu ya milima ya Usambara mna jamii ya vyura wadogo ambao mayai yao hukua tumboni mwa mama, akazaa vichura vilivyokamilika, visivyopata kamwe kuwa viluwiluwi. Kitabu husema samaki hutaga na kuyaacha mayai yake kwa kudura. Katika mto Pangani yupo perege ambaye mtafiti wa Kiingereza Rosemary Lowe alimweleza kwa wanasayansi mwaka 1955 na kumpa jina la mji huu, *Oreochromis korogwe*, na katika jamii yake mama huyachukua mayai na watoto kinywani mpaka wapate nguvu. Heshima ya samaki, basi, nadhani inaifidia kidogo ile fedheha ya madoa ya mkonge.

Kuhusu kupasua wanyama, nitasema neno kwa hadhari. Chura amekuwa mnyama wa maabara duniani kwa muda mrefu, na katika mkoa wetu wapo wanachuo wanaosita, wengine kwa huruma, wengine kwa kuwa ipo hadithi ya Mtume inayokataza kuua chura, na wengine kwa kinyaa tu, ambacho huwa kimevaa joho la dini. Wakufunzi wenye busara hawalazimishi. Huleta panya, ambaye hana mtetezi, au mende wa stoo, ambaye ana hata wachache zaidi. Binafsi naona mnyama mmoja aliyepasuliwa vizuri na mkono wenye ujuzi, meza nzima ikitazama na kuchora, anafundisha zaidi kuliko kumi waliochanwachanwa na mikono inayotetemeka. Lakini najua wapo wanaoamini kuwa mkono hauachi kutetemeka mpaka umefanya wenyewe, na hoja yao si dhaifu.

Mwishoni mwa mwaka huja damu, na hapo maabara ya chuo inapata jirani asiyekuwa na mfano. Katika Korogwe, penye hospitali ya Magunga, ipo maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na malaria ndiyo kazi yake kubwa mahali hapa. Si kwa bahati. Mtu akipanda kutoka tambarare hizi mpaka vijiji vya juu vya Usambara, safari ya saa chache, anavuka mipaka ambayo haipo katika ramani: wachunguzi waliowakamata mbu kijiji kwa kijiji kwenye miteremko hiyo waliona kwamba uambukizaji wa malaria hupungua zaidi ya mara elfu kutoka bondeni, mita 300 hivi juu ya bahari, mpaka kwenye vilele vinavyopita mita 1,600, kwa sababu baridi humchelewesha mdudu kukomaa ndani ya mbu hata mbu akafa kabla yake. Na urithi wa watu hauwezi kuachwa nje ya habari hiyo. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alionesha mwaka 1954, kwa damu alizozipima katika nchi zetu, kwamba mtoto aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria, ilhali aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa mzito. Katika darasa la wanachuo arobaini wa tambarare, hapana shaka wamo wenye urithi huo wa upande mmoja, na mkufunzi aelezapo uteuzi wa maumbile hahitaji kuwapeleka mpaka visiwa vya mbali alivyovitembelea Darwin.

Kazi ya maabara ile ya Magunga mwanachuo anaweza kuifahamu yote, kwa kuwa ni kitunguu kilekile kilichopandishwa cheo. Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, likatiwa rangi ya Giemsa, na msomaji huhesabu vimelea mpaka afikishe seli nyeupe 200; kisha msomaji wa pili, asiyeoneshwa hesabu ya wa kwanza, huhesabu upya, na wakitofautiana mno huitwa wa tatu. Kwa kusoma vioo kwa namna hiyo ndivyo lilivyofanyika jaribio la chanjo ya malaria, RTS,S, kati ya watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi nchini Kenya, ambalo matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2008, yalionesha kuwa chanjo iliwapunguzia watoto homa za malaria kwa kiasi cha asilimia 53. Korogwe ikashiriki tena katika jaribio kubwa la nchi saba, lenye watoto zaidi ya 15,000, lililoanza mwaka 2009. Na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike. Watu husifu wataalamu wakuu katika mambo kama haya, na ni haki yao. Mimi humkumbuka msomaji wa kioo, kijana wa cheti au stashahada, ambaye katika siku ya joto, jicho limechoka, alipata kioo kisichokuwa na kimelea hata kimoja, cha mtoto ambaye dalili zake zote zilisema malaria, naye akaandika sifuri. Angeandika kinyume, angekuwa amechora vidonge vya kijani ndani ya kitunguu, na hesabu ya asilimia ile isingekuwa na thamani.

Yapo mambo ya kulalamikia, nami sitayataja yote. Dawa ni ghali na huharibika kwa joto la Korogwe. Hadubini zikipata ukungu katika lenzi, wa kuzisafisha ni wa kutafutwa. Mabomba hukauka siku ya zamu ya maabara kana kwamba yamesoma ratiba. Maelekezo yote yameandikwa kwa Kiingereza, na ijapokuwa tangu mwaka 1990 tunayo kamusi ya Kiswahili ya biolojia, fizikia na kemia, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mabishano ya mezani, ambayo ndiyo moyo wa maabara, huendeshwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, na katika kuvuka huko mengi huzama. Nimemsikia mwanachuo akimweleza mwenzake kwa ufasaha kabisa kwa nini jani lake limenyauka, kisha akainama na kuandika sentensi mbili za kukariri.

Miaka yake ikiisha, huyu kijana hupangiwa shule, na yumkini ikawa ni Handeni, katika shule ya kata ambayo maabara yake ya mwaka 2014 ina meza za saruji, sinki lisilo na maji, na kabati ambamo chupa ya mwisho ya kipimo cha asidi ilikwisha zamani. Wengi hukata tamaa hapo. Lakini jaribio la mkonge lafanyika hata bila duka la dawa, na nimeona likifanyika. Soda kali huwakilishwa na maji ya majivu ya kuni, yaliyochujwa kwa kitambaa; kipimo cha rangi ni choya iliyochemshwa, ile inywewayo kama juisi sokoni, ambayo hubaki nyekundu penye uchachu, na uchachu ukiondolewa hugeuka zambarau kisha ikaelekea kijani. Kwa kuwa choya nayo ina uchachu wake, sharti matone yake yawe sawa katika vikombe vyote viwili, na hilo lenyewe ni swali zuri la kuwauliza wanafunzi kabla ya kuanza: kwa nini sawa? Jani la alfajiri likatwe na mwanafunzi akaaye karibu na shamba, alitie katika mfuko na kulileta kabla jua halijapanda; jani la pili likatwe saa kumi jioni ya jana yake, likachemshwa papo hapo ili lisiendelee na kazi zake usiku, na la alfajiri nalo lichemshwe vivyo hivyo. Kioo cha kudondoshea dawa kikikosekana, bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa za mifugo, huhesabu matone vizuri. Na daftari lifunguliwe kabla ya tone la kwanza, safu mbili zimekwisha kupigwa mstari, moja ya alfajiri na moja ya alasiri, zikiwa tupu.